Kifuko cha Idrisi

Siku Idrisi aliporudi kwenye bucha yake baada ya miezi minane, mdogo wake alimpa kiti.

Kilikuwa kiti kizuri cha plastiki, kimepanguswa vumbi na kuwekewa mto. Abdulatif alikiweka karibu na mlango, mahali upepo wa asubuhi ulipopita, akasema, "Kaa hapa kaka, upunge hewa. Wateja wakuone tu kwamba umepona." Idrisi alikuwa amekuja na koti lake jeupe limefuliwa na kupigwa pasi, na kisu chake kimefungwa gazetini chini ya kwapa. Alikitazama kile kiti. Akatazama kaunta, akaona nyuma yake hakuachiwa nafasi ya mtu wa pili. Akaketi, kisu akakilaza mapajani.

Bucha ilikuwa ya marehemu baba yao. Haikuwa mbali na soko la Embu, na kwa miaka arobaini watu wa mji, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, walinunua nyama pale kwa sababu moja tu: mkono uliochinja na kukata ulijulikana. Walikuwa wakisema, "Nenda kwa Idrisi, atakukatia kama anakata ya mama yake."

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Kanana, mwenye hoteli ya jirani.

"Aiya! Idrisi! Kumbe umerudi! Sisi tulisikia umetolewa matumbo yote."

"Si yote, mama. Ule mpana tu."

"Na sasa unaenda aje..." Akajikata maneno, macho yakamteremka Idrisi mpaka tumboni, akacheka kicheko cha mtu aliyejikuta chumbani kwa wenyewe. "Haya, Mungu ni mkubwa." Kisha akamgeukia Abdulatif. "Nipimie kilo mbili za nyama ya mchuzi. Unikatie wewe mwenyewe, eh?"

Kwa lile "wewe mwenyewe", Idrisi akalikaza gazeti lililofunga kisu.

Maradhi yenyewe hayakuwa fumbo kwake. Miaka sita alikuwa ameugua vidonda vya utumbo mpana, akiendesha damu mpaka ngozi ikapauka, na mwishowe daktari wa upasuaji huko Nairobi akamwambia kwamba utumbo ule haufai tena, ni wa kutolewa. Daktari akachukua karatasi, akachora. Mwisho wa utumbo mwembamba ungekunjwa kama kichwa cha bakora, ushonwe uwe kifuko, na kifuko hicho kiunganishwe chini kabisa kifanye kazi ya ule uliotupwa. Wanafunzi wa udaktari waliosimama pembeni waliinua shingo kujaribu kuelewa. Idrisi alielewa mara moja. Alikuwa ameosha matumbo ya mbuzi tangu ana miaka tisa. "Hapo mwisho mwisho ndipo pagumu," alimwambia daktari. "Hapachaniki upesi." Daktari alicheka, akasema ni kweli.

Miezi mitatu ya kwanza alitembea na mfuko wa plastiki umebandikwa tumboni, wakingoja mshono wa ndani ukauke. Kisha wakamfungulia njia, wakamwambia aende nyumbani na Mungu amjalie. Jambo ambalo karatasi haikulionyesha ni kwamba kifuko kipya ni kama mtoto mchanga, hakijui saa wala adabu. Kilimwita mara kumi, mara kumi na mbili kwa siku. Kilichotoka kilikuwa chepesi na chenye kuunguza, na ngozi ya huko chini ikawa kama imesuguliwa pilipili. Akilala, kilivuja. Akicheka ghafla, kilivuja. Kwa hiyo alikuwa amepunguza kulala na kuacha kucheka.

Saa nne kifuko kikaita. Choo cha ploti kilikuwa nyuma, kimetiwa kufuli, na ufunguo ulikaa hotelini kwa Mama Kanana, umefungwa kwenye kijiti usipotee. Idrisi alitembea taratibu, maana alishajifunza kwamba anayekimbia ndiye anayeharibu. Ufunguo haukuwa msumarini.

"Ameenda nao dereva mmoja," alisema Mama Kanana. "Ngoja kidogo tu, anarudi sasa hivi."

Akasimama pale mbele ya meza za chai, mkono umekamata ukingo wa dirisha, watu wakimwamkia na yeye akiitikia kwa kichwa. Sasa hivi ya dereva ilikuwa ndefu kuliko uwezo wake. Alirudi nyumbani, mtaa wa Dallas, kwa miguu kwa njia ya nyuma ya nyumba za watu, koti jeupe amelifunga kiunoni.

Mkewe, Mwanarusi, alikuwa uani akichambua mchele. Alilitazama lile koti. Aliinuka, akaweka maji motoni, akatoa kikoi safi na kopo la mafuta ya mgando, akaviacha mlangoni mwa bafu.

*

Jioni Abdulatif alikuja, akanywa chai yote kabla ya kusema kilichomleta. Hakuwa mtu mbaya. Miezi minane alikuwa ameishikilia bucha peke yake, ameamka alfajiri kwenda machinjioni, na hospitalini alikuwa akifika kila Jumapili. Lakini alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu, na maneno yalikuwa yamemfikia.

"Kaka, nisikilize bila hasira. Nyama ni imani. Mtu akiitazama nyama akaanza kufikiria kitu kingine, hanunui. Hoteli mbili zimeshahamia kwa wengine."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya maneno. Wewe pumzika nyumbani mpaka yapoe."

Idrisi aligeuza kikombe chake mezani. "Sawa."

"Halafu na hili la nikaha ya Mashavu." Abdulatif alishusha sauti, kwa kuwa Mashavu mwenyewe alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, akiosha vyombo. Alikuwa binti wa pekee wa Idrisi na Mwanarusi, na baada ya wiki tatu angeolewa na kijana fundi redio wa Meru mjini. "Wageni wanatoka Meru, watu wazima, na wazee wao. Hotuba ya maalim unaijua ilivyo ndefu. Ukiamka katikati itakuwaje? Niachie mimi niwe wakili wako. Sheria inaruhusu."

"Inaruhusu," alisema Idrisi. "Fanya wewe."

Alijibu upesi mno, kama mtu aliyepewa mzigo mwepesi kuliko aliotarajia. Mwanarusi aliiweka birika mezani kwa kishindo. Na huko nyuma ya pazia, sauti ya sahani ikakatika.

*

Basi Idrisi akabuni dawa yake mwenyewe. Kisichoingia hakitoki. Asubuhi alikunywa chai rangi nusu kikombe, mchana akasema ameshiba, jioni akala vijiko vinne vya wali akasukuma sahani. Maji aliyaonja tu.

"Umeshiba nini, hewa?" aliuliza Mwanarusi.

"Tumbo limejaa."

"Tumbo gani? Baba Mashavu, mimi ndiye ninayekufulia. Najua lililojaa na lisilojaa."

Moyoni alikuwa na furaha ya siri, kwa sababu siku ya tatu aliitwa mara nne tu. Hata ule usingizi wa juu juu ulianza kumjia. Alijiona kama mtu aliyepata ufunguo wa mlango uliokuwa ukimtesa. Hakutaka kukumbuka kwamba mikono ilikuwa ikimtetemeka, wala kwamba mkojo wake umekuwa mweusi kama chai aliyokataa kuinywa. Kusali alisali chumbani, peke yake, akiwa amekaa, na mara nyingi alikatiza njiani kwa kujihisi kitu. Msikitini hakuwa amekanyaga tangu arudi. Waumini walipomuuliza alisema bado mshono.

Siku ya sita alitoka uani kuanika taulo, akaona ua umeinama upande mmoja. Mashavu ndiye aliyemkuta chini, taulo limemfunika uso.

Kwenye zahanati iliyokuwa karibu na nyumbani, nesi mmoja aitwaye Kiende alimtafuta mshipa mara tatu kabla ya kuupata. Chupa ya kwanza ya maji ilipokwisha akatundika ya pili, akavuta kiti.

"Mzee, nani alikuambia ufunge?"

"Sijafunga. Nimepunguza."

"Umepunguza mpaka ukaanguka. Sasa sikia. Huo utumbo uliotolewa ndio ulikuwa unarudisha maji mwilini. Haupo. Kwa hivyo wewe ndio unafaa kunywa kuliko sisi wote, na uweke chumvi. Na huo mfuko hautaki njaa. Ukiunyima chakula unabaki na maji makali tu, inakuchoma zaidi. Na haukui."

"Unakua?"

"Unapanuka. Lazima uwekewe kitu ndio ujifunze kushika." Alimtazama Mwanarusi, aliyekaa mguuni mwa kitanda. "Hana mtu mwenye hii kitu, wa kuongea na yeye? Mimi nimesoma tu. Haiko kwa tumbo yangu."

Mtu alikuwapo. Kule wodini alilazwa siku nne pamoja na mzee mmoja wa Githongo, huko Meru, mkulima wa kahawa aitwaye Riungu, aliyekuja kuangaliwa kifuko chake cha miaka sita. Mzee yule alimwandikia namba ya simu kwenye pakiti ya dawa, akasema, "Utanihitaji." Idrisi hakuwahi kumpigia. Angeanzaje? Angemwambia nini, kwamba amejiharibia mbele ya meza za chai?

"Pakiti iko wapi?" aliuliza Mwanarusi, ambaye alikuwa ameisikia habari hiyo mara moja tu.

"Iache."

"Mficha uchi hazai," alisema Mwanarusi, na jioni ile, mumewe amelala, aliipata pakiti ndani ya mfuko wa koti, akapiga mwenyewe.

*

Riungu alifika siku ya tatu yake, mzee mfupi wa kofia ya sufu, na mkungu wa ndizi mbichi begani.

"Muga, Idrisi!" alisalimu kwa Kimeru. "Nimeambiwa unataka kukufa na mfuko mpya ndani. Hiyo ni hasara." Akautua mkungu. "Mama, kabla sijakaa, choo iko wapi?"

Aliuliza kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Mwanarusi alimwonyesha, akaenda, akarudi akijifuta mikono, akakaa na kuendelea na salamu pale alipoziacha. Idrisi alikuwa ameinamisha uso. Polepole akauinua.

"Huoni haya?"

"Niliona. Mwaka mzima. Mimi ni mzee wa kanisa, nakaa mbele pamoja na pasta. Siku moja nikaamka mara tatu katikati ya mahubiri, wakaanza kusema nina pepo linalokataa neno. Bibi yangu akasema, sasa wewe chagua, uitwe mgonjwa au uitwe wa mapepo. Jumapili iliyofuata nikasimama kwa matangazo. Nikawaambia, mimi nilikatwa matumbo nikashonewa mfuko, nikiamka msiniangalie, angalieni Mungu. Wakacheka. Sasa wananiachia kiti cha mwisho wa benchi. Mtu mwingine akikaa hapo, wanamtoa!"

Idrisi alicheka. Kisha uso wake ukabadilika, akainuka, akaenda. Aliporudi Riungu alikuwa akimwambia Mwanarusi habari za bei ya mbolea, wala hakukatiza.

Mchana ule mzee alimfundisha yale yasiyokuwa kwenye karatasi za hospitali. Ndizi za kuchemsha, wali, viazi, ugali laini, hivyo hukifunga kifuko. Pilipili, githeri ya mahindi na maharagwe, na kutafuna majani ya muguka, hivyo avisahau kwanza. Ale mara tano kidogo kidogo, cha mwisho kabla jua halijazama. Ajioshe kwa maji badala ya kujisugua kwa karatasi, apake mafuta ya watoto kabla ngozi haijachubuka, si baada. "Na kikiita, usikimbie mara hiyo. Kaa. Hesabu dakika mbili. Kesho tatu. Ni kama ndama, unaifunza kamba. Mimi sasa naenda mara tano, sita. Nikiwa na mahindi ya kuchoma naenda nane, na ni mapenzi yangu."

"Na kuvuja?"

"Vaa pedi. Hizo za wanawake. Nani atakufunua?"

Mwanarusi alicheka mpaka akalazimika kutoka nje.

"Sasa," alisema Riungu, "nimetoka Githongo asubuhi, na kule wodini ulijisifu mbele yangu juu ya nyama yako. Iko wapi?"

"Nitamtuma Mashavu."

"Sikuja kula nyama ya kutumwa."

*

Walikwenda wawili. Idrisi alivaa koti lake, akachukua kisu. Pale bucha palikuwa na wateja wanne, na Abdulatif alipomwona kaka yake amezunguka kaunta, kalamu ilimtoka sikioni.

"Kaka..."

"Nina mgeni."

Alifungua bomba lililokuwa mbele ya watu wote, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akanawa tena, jinsi alivyofundishwa na baba yake. Akashusha mguu wa mbuzi kutoka kwenye ndoana. Mkono ulikuwa umesahau uzito lakini haukusahau njia. Kisu kilitafuta kiungo, kikakipata, kikapita bila kugusa mfupa. Mteja mmoja, mwanamume aliyebeba kikapu, alitazama kisha akatoka bila kununua. Idrisi alimwona. Aliendelea kukata.

"Mama!" Riungu alikuwa ameshafika kwenye dirisha la hoteli, sauti yake ikisikika kote. "Lete ufunguo wa choo. Na umtengenezee Idrisi wake. Sisi watu wa mfuko hatungojangi."

"Kwani hata wewe?" aliuliza Mama Kanana.

"Hata mimi. Miaka sita. Na wawili waliokuwa wananicheka nimeshawazika."

Kicheko kikapita kutoka meza moja hadi nyingine. Mama Kanana hakununua nyama siku ile. Lakini keshoye alikuja mwenyewe, akaweka ufunguo mpya juu ya kaunta mbele ya Idrisi, ukiwa bado unang'aa, akaondoka bila kutaja ni wa nini.

*

Kulikuwa na mlango mwingine uliobaki, na huo Idrisi aliuendea peke yake, kati ya adhuhuri na alasiri, saa ambayo msikiti huwa mtupu. Maalim alikuwa amekaa akishona ukingo wa mkeka.

"Maalim, udhu wangu haukai."

"Haukai vipi?"

Akamweleza yote, akiutazama mkeka. Maalim alikata uzi kwa meno.

"Mwenye udhuru hutawadha kila sala, wakati wake ukishaingia. Anajifunga vizuri, anasali, imekwisha. Miezi yote hiyo umeukimbia msikiti kwa jambo la kuuliza mara moja?"

"Niliona haya."

"Mimi nilidhani umenikasirikia." Akaanza kushona tena. "Kuna lingine?"

"Kumuoza binti yangu. Nikiwa na hali hii."

"Kuoza hakuhitaji udhu, Idrisi. Kunahitaji baba."

Alikaa pale mpaka alasiri ikaadhiniwa. Akatawadha, akasali safu ya nyuma, karibu na mlango. Katika rakaa ya tatu kifuko kilimnong'oneza. Alihesabu. Kikanyamaza.

*

Jioni ya kuamkia nikaha, kama ilivyo desturi, walikwenda kumuuliza binti. Abdulatif alikuja na mzee mmoja wa jirani wawe mashahidi, wakasimama mlangoni mwa chumba. Mashavu alikuwa amekaa kitandani, hina mikononi bado mbichi. Idrisi ndiye aliyetangulia kuingia.

"Mashavu, umekubali nikuoze kwa kijana huyu, kwa mahari tuliyosikizana?"

Binti hakuinua macho. "Nikikubali, nitaozwa na wewe au na bamdogo?"

Abdulatif alikohoa.

"Na mimi," alisema Idrisi.

"Na ukishindwa kukaa?"

"Nitatoka. Halafu nitarudi."

"Basi nimekubali."

Huko nje uani, Abdulatif alimshika kaka yake mkono. "Kaka, hukuniambia. Wageni je? Wakikuona unatoka, watasema nini huko Meru?"

"Watasema nilitoka."

"Mimi nilitaka kukusitiri tu."

"Najua," alisema Idrisi. "Ulinisitiri mpaka nikawa sionekani." Hakulisema kwa ukali. Abdulatif aliachia ule mkono, akatazama kando, akaondoka bila kuaga.

*

Siku ya Jumamosi Idrisi alikula ndizi mbili za kuchemsha na wali mkavu, akanywa maji yenye chumvi, akameza tembe alizopewa na daktari. Alijifunga vizuri, akavaa kikoi cheusi, kanzu juu yake. Wageni wa Meru walijaa nusu ya msikiti, wazee kwa vijana, na baba wa bwana harusi akakaa mbele amevaa kofia mpya ambayo bado ilikuwa na mkunjo wa dukani. Idrisi aliwekwa mbele ya maalim. Abdulatif alikaa nyuma yake kidogo. Hawakuwa wamesemezana tangu jana yake.

Hotuba ilikuwa ndefu, kama alivyosema Abdulatif. Maalim alizungumza juu ya subira, akazungumza juu ya wakwe, akarudi kwenye subira. Kifuko kiliita mara ya kwanza, Idrisi akakituliza. Kikaita mara ya pili. Jasho lilimtoka mgongoni. Alihesabu dakika mbili, tatu, nne. Ndipo maalim akafunga hotuba na kusema, "Walii ampe mkono bwana harusi." Kijana akanyoosha mkono. Wakati huohuo Idrisi akajua kwamba hii ya sasa haina mazungumzo.

Aliutazama ule mkono hewani. Angeweza kuushika, akasema maneno haraka haraka, akaomba Mungu. Angeweza kumgeukia ndugu yake.

"Nisubirini," alisema, sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nimekatwa utumbo, sina ruhusa ya kuchelewa. Ninakwenda haja, ninarudi."

Akainuka, akapita katikati ya safu za watu, taratibu, bila kukimbia. Magoti yalisogezwa kumpisha. Hakumtazama mtu.

Huko nyuma alifika salama. Alikaa, akaegemeza kichwa ukutani, akashangaa kwamba moyo wake haukuwa ukienda mbio. Maji ya birika yalikuwa ya baridi. Alijiosha bila haraka, akapaka mafuta, akabadilisha alichokivaa ndani, akatawadha ingawa hakuhitajika. Aliporudi akainama mlangoni kuvua viatu, akasikia sauti ya mzee asiyemjua, sauti yenye lafudhi ya Meru.

"Sasa maalim, na jua nalo linaenda. Si ndugu yake huyu hapa? Hawezi kumaliza?"

Kisha ikaja sauti ya Abdulatif.

"Naweza, mzee. Lakini baba yake yupo. Tumngoje."

Idrisi alibaki ameinama, kiatu kimoja mkononi, mpaka alipoweza kuinua uso mbele za watu. Akaingia. Zile nyuso zilimgeukia, na baadhi zilikuwa na huruma, na baadhi zilikuwa na udadisi, na nyingi zilikuwa za watu waliochoka kukaa chini tu. Alipompita Abdulatif aliweka mkono begani mwake, akaubana, akaketi mahali pake. Akaushika mkono wa bwana harusi. Ulikuwa baridi na umelowa.

"Nimekuoza binti yangu, Mashavu," alisema Idrisi, neno moja moja, "kwa mahari tuliyosikizana."

"Nimekubali," alijibu kijana, "nimekubali kumuoza..."

Msikiti mzima ukalipuka kwa kicheko. Baba yake alijifunika uso kwa kofia mpya. Kijana alimeza mate, midomo ikimcheza, maneno yote yamemhama, na macho yake yakamtafuta Idrisi kama mtu anayezama.

Idrisi hakuuachia ule mkono. Alingoja kicheko kipite chote.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Anza tena. Hakuna mtu anayeondoka hapa."